Kufundisha Asilimia kwa Tairi la Gari

Mwanachuo anayepelekwa mazoezi ya kufundisha Shinyanga, Kahama au Geita atawakuta wanafunzi ambao tayari wanayajua magurudumu. Baiskeli hubeba maji, magunia na abiria, na mtoto huutambua mlio wa tairi linalosugua uma kabla hajalijua neno asilimia. Katika njia za kwendea machimbo ya dhahabu huona pia magari madogo yaliyovalishwa matairi mapana, mengine kwa ajili ya mchanga, mengine kwa sababu tu kijana mwenye gari ataka lifanane na gari la mashindano.

Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, vyuo vimehimiza zana zitokazo katika mazingira. Mara nyingi zana hizo zimekuwa visoda na vijiti, ambavyo havimpi mwanafunzi sababu ya kulitaka jibu sahihi. Tairi humpa. Likisugua bodi au springi hulika ubavuni, na gari lililojaa abiria laweza kupasukiwa njiani.

Mwalimu na aombe tairi kuukuu kwa fundi wa jirani, alilaze mbele ya darasa, kisha awaache wanafunzi wasome maandishi yake kabla hajasema neno. Tuchukue mfano wa 185/65 R14. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ndiyo kiini cha somo: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 120.25. Ya mwisho ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Herufi R huwapotosha hata watu wazima. Haimaanishi nusu kipenyo, bali huonyesha kuwa nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Mwanafunzi akilipima tairi lisilofungwa wala kujazwa upepo na kupata upana tofauti na ulioandikwa, asikaripiwe. Amepima vema; ni hali ya tairi iliyobadilika.

Kwa kuwa inchi 1 ni milimita 25.4, ringi ni milimita 355.6. Kimo cha ubavu huongezwa mara mbili, juu na chini, nacho kipenyo chote huwa milimita 596.1. Wengi watakijumlisha mara moja tu. Mwalimu asiwape kanuni. Awaelekeze wapitishe kidole kutoka ukingo wa juu wa tairi hadi wa chini, nao watalihesabu kosa wenyewe.

Sasa liletwe swali la fundi. Mwenye gari ataka upana wa 205. Akichukua 205/65 R14, kipenyo hufika milimita 622.1, yaani tairi hukua kwa milimita 13 kila upande wa ekseli. Akichukua 205/60 R14, kipenyo ni 601.6, na ongezeko halifiki hata milimita 3 kila upande. Upana ni ule ule, asilimia imepungua, na nafasi ya juu karibu imebaki ilivyokuwa. Hapa ndipo darasa huona kwamba asilimia 60 ya kitu kikubwa yaweza kukaribiana na asilimia 65 ya kitu kidogo, jambo ambalo mifano ya machungwa hailionyeshi kwa urahisi.

Lakini zile milimita 20 za upana hazikutoweka. Ringi ikikaa pale pale, 10 huelekea springi na 10 huelekea nje. Kulithibitisha hilo, baiskeli yatosha: bandikeni udongo laini upande wa ndani wa uma, zungusheni gurudumu polepole, kisha pimeni unene uliobaki. Kwa gari, kazi hiyo aachiwe fundi, na hakuna mtoto atakayeingiza mkono kwenye gurudumu. Aulizwe kwa nini hukagua usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho na gari likiwa na mzigo. Gari tupu lililosimama wima hudanganya, maana mzigo huishusha bodi juu ya tairi.

Kwa wanaomaliza mapema: ikiwa spidomita ilikuwa sahihi kwa tairi la kwanza, gari lenye 205/65 R14 linaloonyesha kilomita 80 kwa saa lakwenda mbio kiasi gani? Jibu ni 83 na nusu hivi.