Rangi ya Gari Iliyochujuka
Gari la zamani la michezo, mathalani Datsun 240Z, aina iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973, likiachwa juani Temeke miaka mingi, rangi yake hugeuka kama chaki. Mionzi ya urujuanimno huvunja gundi inayoshikamanisha chembe za rangi. Juu hubaki unga.

Fundi mwangalifu haanzi na msasa. Huliosha gari, hulipaka polishi yenye mafuta, huiacha usiku kucha, kisha hufuta polepole. Kitambaa hutoka na unga uliokufa. Chini yake rangi ya kiwandani ingali hai. Lakini unene wake wote hukaribia sehemu moja tu ya kumi ya milimita, na kila msuguo huupunguza. Palipokwisha kushika kutu, polishi haifai kitu.