Kupunguza Miche Kitaluni

Katika toleo hili tunajifunza kazi ndogo ambayo wengi wetu tunaikwepa kwa huruma: kung'oa miche.

Mbegu tunazotunza nyumbani hatuna hakika nazo zote, kwa hiyo tunamwaga nyingi. Zikiota zote tunafurahi na kuziacha. Baada ya wiki chache miche ni mirefu, myembamba, na mingine inaoza shina usawa wa udongo. Huo ni kinyausi, ugonjwa unaopenda miche iliyobanana.

Wenye mikorosho Lulindi, Masasi na Newala wanalijua jambo hili. Ushauri ni mita 12 kwa 12. Mikorosho iliyoshikana matawi huzaa kule juu na pembeni tu penye jua. Kwenye bustani ni hivyo hivyo, ila kwa sentimita.

Miche ikishatoa majani mawili ya kweli, yaani yanayofuata yale ya kuotea, mwagilia jioni udongo ulainike. Ng'oa midhaifu huku umebana udongo kwa vidole, mche wa jirani usilegee. Acha sentimita 3 hadi 5. Mchicha ulioung'oa ni mboga ya siku hiyo. Miche ya nyanya yenye afya zibia mapengo. Ikifika majani manne au matano ihamishie shambani, sentimita 60 kwa 50. Bamia haipendi kuhamishwa. Weka mbegu mbili au tatu kwa shimo, kisha bakiza mche mmoja.

Juu kwenye uwanda wa Makonde mchanga hunywa maji upesi, na akina mama wamezoea kuyapandisha kutoka bondeni kichwani. Ndoo ya lita 20 kwa miche 40 ni nusu lita kwa kila mche. Kwa miche 200, mche haupati hata kikombe. Usipopunguza, unampandisha mama kilima kwa ajili ya miche itakayokufa.

Hapa tukiri kosa letu. Taarifa zetu zimezoea kuuliza "idadi ya miche", na kamati iliyopunguza ikaonekana imeshindwa. Tunaomba kamati ziandike miche iliyohamishiwa shambani, na iliyo hai mwezi mmoja baadaye. Wafadhili wasishtuke tarakimu zikishuka.