SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: TOZO INAYORUDI NYUMA JUU YA MKOPO ULIOKWISHA KUCHUKULIWA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kuwa somo la safari hii linahusu jambo ambalo limewagusa wengi, nalo ni sheria mpya kushika mkopo wa zamani. Mfano uliochukuliwa ni wa watumishi waliosomeshwa kwa mikopo ya elimu ya juu, na mahali palipochaguliwa ni mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Arusha. Babati ni mji wa watumishi, kwani walimu, waganga, maafisa wa halmashauri na wa mkoa ndio hujaza nyumba za kupanga kutoka ziwani hadi chini ya mlima Kwaraa, na mabadiliko ya asilimia chache katika hati ya mshahara huonekana upesi hata sokoni.

Yafaa ieleweke kwanza jinsi deni lenyewe lilivyoanza. Serikali ilianza kutoa mikopo kwa wanafunzi wa elimu ya juu mwezi Julai 1994 kupitia wizara iliyohusika na elimu hiyo. Kwa muda wa miaka 10 hapakuwapo chombo maalum cha kuidai, na wengi wa waliosoma wakati huo waliihesabu fedha ile kuwa ni msaada. Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 ndiyo iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo ilianza kazi Julai 2005 na kukabidhiwa pia jukumu la kudai mikopo iliyotolewa tangu 1994. Hivyo mtumishi aliyehitimu kabla ya Bodi kuwapo alijikuta akidaiwa na mdai ambaye hakupata kumwona. Hata hivyo hapo hapakuwa na dhuluma, maana mkopo ulikuwa mkopo tangu siku ya kwanza, na kilichobadilika ni mkono wa kudai tu.

Jambo zito zaidi lilikuja baadaye. Watumishi wengi walikuwa wamezoea kukatwa asilimia 8 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Kwa marekebisho ya sheria yaliyopitishwa mwaka 2016, kiwango hicho kilipandishwa kuwa asilimia 15, na mapema mwaka 2017 makato mapya yakaonekana katika hati za mishahara, bila kutofautisha aliyekopa baada ya marekebisho na aliyekopa miaka mingi kabla yake. Aidha, juu ya deni ilikuwapo tozo ya kulinda thamani ya fedha ya asilimia 6 kwa mwaka, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa.

Chukuliwe mfano wa mwalimu wa sekondari mjini Babati mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 700,000 na deni la shilingi 6,000,000. Mwalimu huyu ni wa kuhesabia tu, lakini hesabu yake wengi wataitambua. Kwa asilimia 8 alikatwa 56,000 kwa mwezi, na kwa asilimia 15 akakatwa 105,000. Mchango wa pensheni wa asilimia 5, bima ya afya asilimia 3 na ada ya chama cha walimu asilimia 2 vilichukua 70,000 kwa pamoja. Kodi ya mshahara kwa viwango vya wakati ule ilikuwa kiasi cha 84,000. Akiwa pia na mkopo wa benki wa 250,000 kwa mwezi, kabla ya mabadiliko alibakiwa na kiasi cha 240,000, na baada yake 191,000. Ikumbukwe kuwa utaratibu wa utumishi unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, yaani 233,333 kwa mfano huu. Mwalimu huyu alikopa benki akiwa juu ya mstari huo, na akashushwa chini yake bila kukopa tena hata shilingi moja.

Hapo ndipo kelele zilipokuwa nyingi, na kwa haki. Lakini hesabu inaonyesha kuwa asilimia 15 haikuongeza deni. Ilibana mwezi ikafupisha miaka. Kilichokuza deni ni ile asilimia 6, ambayo mtumishi aghalabu haioni katika hati yake ya mshahara. Kwa deni la 6,000,000, asilimia 6 ni shilingi 360,000 kwa mwaka, sawa na 30,000 kwa mwezi. Mwalimu wa kukatwa 56,000 alikuwa akipunguza deni kwa 26,000 tu katika mwezi wa kwanza. Bila tozo angemaliza kwa miezi 108. Kwa tozo, ikihesabiwa kila mwezi juu ya deni lililobaki, angemaliza kwa miezi 154 hivi na kulipa jumla ya takriban shilingi 8,600,000. Kwa makato ya 105,000 pamoja na tozo ileile angemaliza kwa miezi 68 na kulipa takriban 7,100,000. Kwa maneno mengine, waliofurahia makato madogo ndio waliokuwa wakilipa zaidi, jambo ambalo lilielezwa kwa uchache mno.

Je, sheria inaweza kurudi nyuma namna hii? Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 13(6), inakataza mtu kuadhibiwa kwa kosa ambalo halikuwa kosa alipolitenda, lakini katazo hilo ni la mambo ya jinai. Ibara ya 138 inataka kodi itozwe kwa mujibu wa sheria, wala haisemi kuwa sheria hiyo haiwezi kugusa mambo yaliyopita. Mahakama za Afrika Mashariki zimefuata kwa muda mrefu msimamo uliotolewa mwaka 1963 katika shauri la Manispaa ya Mombasa na kampuni ya Nyali, kwamba sheria inayogusa haki ya mtu haitahesabiwa kurudi nyuma ila pale ambapo nia hiyo iko wazi, ilhali sheria inayobadili utaratibu tu huweza kufanya kazi hata kwa mambo ya zamani. Hivyo Bunge likitaka kurudi nyuma, na likasema waziwazi, mahakama hubaki na nafasi ndogo. Ndiyo maana majibu ya walioathirika huelekea zaidi kwa chama cha wafanyakazi na kwa mbunge kuliko mahakamani.

Wananchi wasidhani kuwa mambo haya ni ya Tanzania peke yake. Nchini Uingereza wafanyakazi wengi wa mikataba walilipwa ujira wao kwa sura ya mikopo ambayo haikukusudiwa kurudishwa, ili kukwepa kodi ya mapato, na mara nyingi walifanya hivyo kwa ushauri wa waliojiita wataalamu. Sheria ya fedha ya mwaka 2017 ikaamuru kuwa mikopo ya aina hiyo iliyochukuliwa tangu Aprili 1999, na isiyolipwa hadi tarehe 5 Aprili 2019, itozwe kodi kana kwamba ni mapato. Walioathirika waliungana, wakawaandikia wabunge, na kamati ya wabunge wa vyama mbalimbali ikaundwa. Mapitio ya Sir Amyas Morse ya Desemba 2019 yalifanya mikopo ya kabla ya tarehe 9 Desemba 2010 iondolewe. Faraja hiyo ilichelewa kwa baadhi yao, kwani mamlaka ya kodi ya huko imepeleka kwenye chombo cha uchunguzi taarifa za watu 10 waliojiua wakiwa na madai ya aina hiyo. Mapitio mengine yakaanzishwa Januari 2025 chini ya Ray McCann. Tofauti na wanufaika wa Tanzania ni kubwa, maana wale walikwepa kodi na hawa walikopa kwa uwazi. Lakini hofu ya kupokea hesabu ya miaka iliyopita ni ileile.

Kwa upande wa Tanzania, vyama vya wafanyakazi vililifanya suala hili kuwa miongoni mwa madai yao. Katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021 jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondolewa kwa tozo ya asilimia 6, na hatua hiyo ikaanza tarehe 1 Julai 2021. Adhabu ya asilimia 10 nayo ikaondolewa. Asilimia 15 ilibaki.

Wapo walioitika kwa njia nyingine, yaani kujificha. Mhitimu huhamia kwa mwajiri binafsi na kunyamaza, na mwajiri naye hunyamaza, ingawa sheria inamtaka mwajiri aiarifu Bodi kuhusu mhitimu aliyemwajiri, na kuwasilisha makato ndani ya siku 15 baada ya mwisho wa mwezi. Njia hii haimfai yeyote, kwa sababu deni halifi kwa kunyamaziwa, na jina la mdaiwa hubaki katika daftari.

Mtumishi wa Babati mwenye shaka anashauriwa kuanza kwa afisa utumishi wa halmashauri yake, kabla ya kufunga safari ya zaidi ya kilomita 160 kwenda Arusha iliko ofisi ya kanda ya Bodi. Aombe taarifa ya deni lake kwa maandishi, ailinganishe na hati za mshahara mwezi kwa mwezi, na atazame hasa tarehe tatu: siku aliyohitimu, mwezi wa kwanza wa makato, na tarehe 30 Juni 2021, ili aone kama ipo tozo ya asilimia 6 iliyoongezwa baada ya siku hiyo. Ikiwapo, aandike barua ya malalamiko na kuambatisha nakala za hati zinazohusika, akibaki na nakala yake yenye mhuri wa kupokelewa. Aliyemaliza deni adai cheti cha kumaliza, na akiona makato yanaendelea mwezi unaofuata, apeleke cheti hicho kwa afisa utumishi ili makato yasimamishwe, na aombe kwa Bodi arudishiwe kilichozidi.