Mgeni Aliyeshika Jembe: Stevenson na Lugha ya Kisamoa

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii inafaa kumpimia Robert Louis Stevenson, mwandishi Mskoti aliyefika Samoa Desemba 1889 akiandamwa na maradhi ya kifua. Huko Vailima, kisiwani Upolu, alikuwa na jumba, farasi na watumishi, sawa na walowezi wengine. Hata hivyo, alijifunza Kisamoa; mwaka wa 1891 hadithi yake ya jini la chupani ilichapishwa kwa lugha hiyo. Wenyeji walimwita Tusitala, yaani mwandishi wa hadithi. Mwaka wa 1894, machifu aliowasaidia walipokuwa gerezani walimjengea barabara ya kufikia kwake. Ni dhahiri basi kwamba jumba lilimpa makao tu. Jembe lililompa jina lilikuwa lugha.