Mtoto Amebemendwa? Tuangalie Kwanza Sahani Yake

Leo tutajifunza juu ya mtoto aliyeanza kutembea. Huyu ni mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka miwili. Kila nyumba inamfahamu. Huvuta kanga ya mama yake. Hufukuza kuku uani. Huokota kila anachokiona akakitia mdomoni. Kila siku hujifunza neno jipya, na nyumba nzima hucheka.

Lakini umri huu una hatari zake. Watoto wengine huanza kukonda wakati huu. Hawataki kucheza. Hulialia tu. Mtoto aliyekwisha kuanza kutembea hurudi kutambaa. Katika vijiji vingi vya Mkoa wa Pwani, mtoto wa namna hii akionekana, watu hunong'ona: "Amebemendwa."

Maana ya neno hili tunaijua. Watu husema kuwa baba na mama wamelala pamoja wakati mtoto bado ananyonya, au mama amepata mimba nyingine mapema. Husema kuwa maziwa yameharibika, na mtoto amedhoofu kwa sababu hiyo. Tena husema kuwa baba aliyetoka kwa mwanamke mwingine akimbeba mtoto, mtoto hudhoofu.

Je, ni kweli? Tuchunguze pamoja.

NYUMBA MOJA YA CHOLE

Tuchukue mfano. Nyumba hii tumeitunga kwa ajili ya somo letu. Tuiweke Chole, katika Wilaya ya Kisarawe. Hatusemi Chole ya kisiwani, kule Mafia. Tunasema Chole ya bara, penye mashamba ya mihogo na mikorosho.

Katika nyumba hii kuna baba, mama, bibi mzaa baba, na watoto watatu. Mtoto mdogo ana mwaka mmoja na miezi mitano. Mama ana mimba ya miezi minne. Alipojua kuwa ana mimba, alimwachisha mtoto ziwa siku ile ile. Alipaka shubiri kwenye matiti. Mtoto alilia siku tatu, kisha akanyamaza.

Baada ya miezi miwili mtoto amekonda. Nywele zimekuwa nyepesi. Bibi anamwambia mkwewe, "Mmembemenda mjukuu wangu." Mama anainamisha kichwa. Anaona aibu kwenda zahanati, maana huko atacheka nani na nani. Bibi anatafuta dawa za miti. Siku zinapita.

Mwishowe mtoto anaharisha, na wote wawili wanampeleka zahanati.

"Shikamoo, bibi," anasema nesi.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuletea mtoto huyu. Wazazi wake wamembemenda."

Nesi habishani naye. Anampima mtoto uzito. Anaangalia kadi yake ya kliniki. Kisha anauliza, "Bibi, jana mtoto alikula nini? Nihesabie tangu alipoamka."

Bibi anafikiri. "Asubuhi alikunywa chai ya rangi. Mama yake alikwenda shamba. Mchana nilimpa kipande cha muhogo wa kuchemsha."

"Na jioni?"

"Jioni tulisonga ugali na kisamvu. Lakini chakula kilipoiva mtoto alikuwa amekwisha lala."

"Na juzi?"

"Juzi hakulala. Alikula na kaka zake katika sahani moja. Lakini wale wana mikono mikubwa. Yeye alipata tonge mbili."

Bibi ananyamaza kidogo. Kisha anasema polepole, "Kumbe mtoto huyu hali."

WAZEE WALIONA KITU CHA KWELI

Ndugu msomaji, tusiwacheke wazee. Waliona kuwa mama akipata mimba mapema, mtoto anayenyonya hudhoofu. Jambo hili walilolitazama kwa macho ni la kweli. Makosa yako katika sababu.

Hata mbali na kwetu watu waliliona. Katika miaka ya 1930 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alifanya kazi katika nchi ambayo leo inaitwa Ghana. Aliona watoto wengi waliovimba miguu na kubabuka ngozi. Akina mama wa huko walimwambia jina la ugonjwa huo kwa lugha yao ya Kiga. Maana ya jina hilo ni ugonjwa anaoupata mtoto anapofuatiwa na mdogo wake. Daktari aliliandika jina hilo katika mwaka 1935, na likaenea dunia nzima. Sisi huita ugonjwa huo unyafuzi. Wengine husema kwashakoo.

Basi mama wa Ghana na bibi wa Chole waliona jambo moja. Mtoto anayefuatiwa mapema hunyang'anywa ziwa. Kama hakuna chakula kizuri cha kuchukua nafasi ya ziwa, mwili wake hudhoofu. Mwili uliodhoofu haushindani na maradhi. Huja kuharisha, homa na kikohozi. Akiugua, hamu ya kula hupotea, naye hudhoofu zaidi.

Maziwa ya mama hayaharibiwi na baba. Maziwa hutengenezwa katika matiti. Mbegu za mwanamume huingia katika njia ya uzazi. Hazifiki katika matiti. Wala baba hamdhuru mtoto kwa kumbeba. Mimba nayo haifanyi maziwa kuwa sumu. Mimba ikikua, maziwa yanaweza kupungua na ladha yake kubadilika, lakini mama mwenye afya kwa kawaida anaweza kuendelea kunyonyesha. Ale vizuri zaidi, na ahudhurie kliniki ya wajawazito ili apate ushauri.

Wazee waliwatenganisha baba na mama kwa muda mrefu. Nia yao ilikuwa njema. Walitaka mtoto anyonye na kukua kabla hajaja mwingine. Leo tunaweza kutimiza nia hiyo kwa uzazi wa mpango. Wataalamu wa afya wanashauri wazazi wangoje angalau miaka 2 baada ya kujifungua kabla ya kupata mimba nyingine. Baba na mama waende zahanati pamoja wakaulize njia inayowafaa.

TUMBO DOGO, CHAKULA MARA NYINGI

Mtoto wa umri huu hukua haraka, lakini tumbo lake ni dogo. Hawezi kula chakula cha kutwa kwa mara moja. Haba na haba hujaza kibaba. Anahitaji milo 3 au 4 kwa siku, na vitu vidogo vya kula mara 1 au 2 katikati. Kila mlo uwe robo tatu ya kikombe cha robo lita, au kikombe kizima. Na aendelee kunyonya mpaka afikishe miaka 2 au zaidi.

Siku ya mtoto inaweza kwenda hivi:

Saa 1 asubuhi: uji mzito wa mahindi uliotiwa karanga zilizosagwa au maziwa.

Saa 4: papai, embe au ndizi mbivu.

Saa 7 mchana: muhogo au viazi vilivyopondwa pamoja na kunde au mbaazi.

Saa 10: yai la kuchemsha, au tunda.

Saa 12 jioni: ugali laini, mboga za majani, na samaki au dagaa waliopondwa. Apewe kabla hajashikwa na usingizi.

Uji uwe mzito. Uji unaomiminika kama maji hujaza tumbo, lakini nguvu yake ni ndogo. Ukiinamisha kijiko, uji mzuri huanguka polepole.

Muhogo hushibisha, lakini peke yake haumjengi mtoto. Uchanganye na kunde, mbaazi, samaki, yai au karanga. Kisamvu kitwangwe na kupikwa mpaka kiive sawasawa. Usimpe karanga au korosho nzima, kwa sababu zinaweza kumpalia. Zisage kwanza. Nafaka au karanga zenye ukungu tuzitupe. Katika mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu.

Chai ya rangi si chakula cha mtoto. Hujaza tumbo, tena huzuia mwili kupata madini ya chuma yanayotengeneza damu. Na kama tuna kuku, tusiuze mayai yote tukanunua biskuti. Yai moja lina faida zaidi.

Kama mtoto ameachishwa ziwa kabla ya miaka 2, aongezewe mlo 1 au 2 kwa siku. Apewe pia kikombe 1 au 2 cha maziwa yaliyochemshwa. Mama anayetaka kuachisha afanye polepole, kwa majuma kadhaa. Asimwachishe kwa siku moja.

SAHANI YAKE MWENYEWE

Kula pamoja ni desturi yetu nzuri. Lakini mtoto mdogo hawezi kushindana na kaka zake. Mpakulie katika sahani yake mwenyewe. Hapo utaona amekula kiasi gani na amebakiza nini.

Akae na mtu mzima wakati wa kula. Msemeshe. Mngoje atafune. Mtoto wa umri huu huangalia kuku, huchezea chakula, kisha hurudi kula. Usimlazimishe kwa kumbana pua au kumpiga. Mtoto anayelia huweza kupaliwa. Tena huanza kukichukia chakula.

Kazi hii si ya mama peke yake. Bibi anaweza kupika uji wa saa 4 mama akiwa shamba. Kaka mkubwa anaweza kumnawisha mikono kwa sabuni. Baba anaweza kumpakata na kumlisha jioni. Akiuza korosho, akumbuke kununua dagaa na maharage.

Chakula kilichopikwa asubuhi kisikae mpaka jioni. Joto la Pwani hukiharibu upesi. Ni afadhali kupika kidogo kidogo, au kumpa tunda lililooshwa na kumenywa wakati ule ule. Kiporo kama kipo, kichemshwe mpaka kitokote.

USINGOJE, NENDA ZAHANATI

Mpeleke mtoto kliniki kila mwezi akapimwe. Angalia mstari katika kadi yake. Ukipanda, mtoto anakua. Ukilala au kushuka, uliza sababu siku hiyo hiyo. Huko pia hupewa chanjo, matone ya vitamini A na dawa ya minyoo kwa wakati wake.

Mhudumu wa afya kijijini anaweza kumpima mkono kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, chini ya sentimita 12.5 ni dalili ya utapiamlo. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali.

Wewe mwenyewe unaweza kupima miguu. Bonyeza sehemu ya juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba. Hesabu mpaka tatu, kisha achia. Kama mashimo yamebaki katika miguu yote miwili, mtoto amevimba. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Mpeleke upesi pia kama amekonda mno, hawezi kula au kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea mno.

Zahanati wataangalia kama ana malaria, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI au ugonjwa mwingine. Magonjwa haya hudhoofisha mtoto, nayo yana matibabu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hupewa chakula dawa, au hulazwa hospitali. Kila siku inayopotea katika kumtafuta wa kumlaumu, mtoto hukaribia kifo.

Turudi katika nyumba yetu ya Chole. Bibi amerudi kutoka zahanati. Amechukua sahani ndogo kabatini. Anamwambia mkwewe, "Mwanangu, nilikuonea. Kuanzia leo uji wa saa 4 ni wangu." Mama anajibu, "Ahsante, mama." Mtoto hatanenepa kwa siku moja. Lakini mwezi ujao kadi itaonyesha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Katika mwaka 1973 Watanzania wengi walijifunza katika vikundi, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakatenda. Nasi tufanye hivyo.

1. Jana mtoto wako mdogo alikula mara ngapi? Alikula nini? Hesabu tangu alipoamka mpaka alipolala.

2. Mama anapokuwa shamba, nani anamlisha mtoto?

3. Ni vyakula gani vinapatikana kijijini kwenu sasa, ambavyo watoto hawapewi?

4. Mtoto wa jirani akidhoofu, tutamsaidiaje mama yake bila kumtia aibu?