Kamba na Kaa wa Kipini

Wako wadhanio kuwa kamba maisha yake yote ni baharini, na kuwa mikoko haina kazi ila boriti. Sivyo. Kamba jike hutaga katika Ghuba ya Ungwana. Watoto wake, wadogo sana, huchukuliwa na maji yajaapo wakaingia mlangoni mwa mto Tana, hapa Kipini. Humo, baina ya mizizi ya mikoko, hula na hujificha na samaki. Wakikua hurejea baharini.

Kaa wa mikokoni safari yake ni kinyume. Yeye huishi matopeni, na jike abebapo mayai chini ya tumbo, nayo hupata milioni na zaidi, hutoka kwenda baharini kuyaangua. Naye, kama kamba, ana miguu kumi, na hakui ila kwa kuvua gamba. Siku hizo huwa laini, hajiwezi.

Mwaka 2006 Serikali ilizisimamisha meli za kukokota nyavu ghubani, hata 2011, nasi tukafurahi. Lakini juya la matundu madogo na chandarua tuvutavyo wenyewe mtoni hunasa watoto kabla hawajaiona bahari. Na kumrudisha majini kaa mwenye mayai kwatugharimu kitoweo cha siku moja tu.