Nani Aliyasikia Maneno Hayo? Somo kwa Anayetaka Kuwaandikia Watoto Historia



Ndugu zangu katika imani, likizo iliyopita nilijitolea kufundisha madrasa hapa Kampala. Ustadh aliniomba niwaandikie watoto kijitabu juu ya kuingia kwa Uislamu Buganda. Niliiona kazi ndogo. Mimi nipo chuo kikuu, wao wana miaka tisa na kumi. Ugumu uko wapi?

Nikaandika kwamba mwaka 1844 mfanyabiashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, alifika kwa Kabaka Suuna II. Alipoona watu wanauawa kwa amri ya Kabaka, alimkabili na kumwambia kuwa watu hao wameumbwa na Mwenyezi Mungu, na kuwaua ni dhambi. Hayo yamepokewa. Lakini nikaongeza ya kwangu: Kabaka akabubujikwa na machozi, walinzi wakatupa mikuki chini, na Ahmed akatoa hotuba ya ukurasa mzima.

Nilipowasomea, binti mmoja akainua mkono. "Ustadh, nani aliyasikia maneno hayo yote?"

Sikuwa na jibu. Nikasema tutaendelea kesho. Usiku ule niliona haya. Watoto hao hao tunawafundisha kwamba hadithi ya Mtume (s.a.w.) hutazamwa isnadi yake, kisha mimi nawapa habari niliyoitunga mwenyewe. Nilianza upya, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, mjue mpokezi. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi. Nilipotafuta, nikakuta kwamba habari za Ahmed zilitoka kwake mwenyewe, zikaandikwa na Emin Pasha katika miaka ya 1870, yaani miaka 30 na zaidi baada ya tukio. Mtoto anaweza kuelewa hilo. Mwandikie tu: "Ahmed alipokuwa mzee alisimulia kwamba..." Kwa maneno hayo machache umempa isnadi.

Pili, usimtie mtu maneno kinywani. Ukitaka habari ichangamke, tumia vitu vya kweli: urefu wa safari ya miguu kutoka pwani, nguo za bafta, vitambaa vya magome ya mti waliyovaa Waganda, ziwa kubwa kama bahari. Ukweli una utamu wake. Unahitaji kutafutwa tu.

Tatu, chunga idadi. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, aliwakosoa wanahistoria walionakili kwamba jeshi la Nabii Musa (a.s.) lilikuwa na watu 600,000, bila kupima kama jambo hilo linawezekana. Nami nilikutana na mtihani huo kwenye habari za Namugongo. Watoto wengi wanapajua kwa mashahidi wa Kikristo waliouawa mwaka 1886. Wachache wanajua kwamba miaka kumi hivi kabla yake, chini ya Kabaka Muteesa I, waliuawa huko vijana Waislamu waliokataa kula nyama isiyochinjwa kisheria. Vitabu vinatofautiana juu ya idadi yao. Nilitamani kuchagua iliyo kubwa. Nikaandika "vijana wengi", na heshima yao haikupungua.

Nne, na hili ndilo zito zaidi: usifiche kosa la watu wako. Wafanyabiashara waliotuletea Uislamu walileta nguo, shanga na bunduki, wakaondoka na pembe za ndovu, na pia binadamu waliofanywa watumwa. Ustadh alisita. "Watoto wataichukia dini," akaniambia. Nikamkumbusha, kwa adabu, Surat An-Nisaa, aya ya 135: tuwe mashahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu. Tena Qur'ani katika Surat Yusuf haikuficha kwamba waliomtupa Yusuf kisimani ni ndugu zake, watoto wa nabii. Mtoto akifichwa leo, kesho ataambiwa na mtu mwingine, na siku hiyo atashuku yote tuliyomfundisha, hata yaliyo kweli. Ustadh alinyamaza kidogo, kisha akasema niiache sentensi hiyo, lakini niongeze kwamba ilikuwa dhulma. Nikaongeza.

Tano, kabla ya kuchapisha, wasomee watoto wenyewe. Wanapopiga miayo, futa. Wanapouliza, rudi ukachunguze.

Kijitabu sasa kina kurasa kumi na mbili. Hotuba imeondoka, na machozi ya Kabaka pia. Nilipomaliza kusoma nilimtazama yule binti. Akauliza kama Ahmed aliwahi kurudi kwao. Sikutunga jibu. Nilimwambia, "Hilo nitalitafuta," na mara hii sikuona haya kusema hivyo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kalamu zinazosema kweli. Amin.